Kurasa Thelathini, Simu Moja

Kwenye basi, siti ya mbele yangu, mwalimu wa matangazo chuoni alikuwa akimfokea fundi cherehani ambaye wala hakumuuliza kitu. "Mama, niliwaambia wanafunzi kila mtu afungue ukurasa mtandaoni, aweke matangazo aliyobuni, waajiri wayaone. Nikawaonyesha wangu uwe mfano. Vichwa maji wale, wote thelathini wakaunakili mzima mzima! Wakabadilisha jina na picha, namba yangu ya simu wakaiacha palepale!"

Fundi akaacha kukunja kitambaa. "Na wewe ulipozisahihisha hukuiona?"

"Nilitazama rangi na maneno. Niliwapa alama nzuri tu." Alisema hivyo kifua mbele.

"Lini hiyo?"

"Mwaka jana. Wameshahitimu."

"Yaani watoto wa watu wamekaa nyumbani mwaka mzima wanasubiri kuitwa kazini, kumbe simu inalia kwako? Huna hata haya, baba!"

"Mama, anayesumbuliwa ni mimi!"

Basi likasimama kituoni. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitazama, akaikata, akainuka.

"Mnaona? Hao tena," akatuambia akishuka. "Mimi namba ngeni sipokei."