Hakuna kwa Jina Lipi?

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wazee wenye maneaba hii, ukumbi wetu wa mikutano, walimu wenzangu, wanafunzi, na wewe Nei Kaingaua tunayekuaga: mauri kwenu nyote.

Nimeombwa nimsifu mkutubi wetu kwa ufupi, maana chakula kinapoa. Mkuu wa Chuo ameeleza vizuri kwamba nafasi yake inafutwa kwa kuwa siku hizi kila mwanafunzi ana simu na anaweza kujitafutia makala za kitaaluma mwenyewe. Tunakupongeza, Mheshimiwa. Simu hujibu haraka kuliko Nei Kaingaua, tena haziulizi maswali.

Yeye aliuliza. Mnakikumbuka kisima cha Tebunanti, kisiwa nilikozaliwa? Kabla ya kukichimba, kamati ilitafuta mtandaoni kama kuna utafiti wowote kuhusu maji ya pale. Wakaandika jina la kisiwa, wakaandika jina la nchi yetu, Kiribati, wakajibiwa hakuna. Kama hakuna utafiti, wakasema, basi hakuna tatizo. Watu wakanywa.

Watoto walipoanza kuugua, mwanafunzi mmoja wa uuguzi alimwendea Nei Kaingaua, akalalamika kwamba ametafuta kila mahali na hakuna kitu.

"Hakuna kwa jina lipi, mwanangu?" akamuuliza. "Wageni walipokuja kupima ardhi yetu, tulikuwa tunaitwa Visiwa vya Gilbert. Unamtafuta bibi kwa jina la mjukuu?"

Akaandika majina yote mawili ya nchi, kila moja ndani ya alama za kunukuu, katikati akaweka neno AU, ili lolote kati ya hayo likubaliwe. Akaongeza jina la kisiwa, akaondoa kwa alama ya kutoa yote yaliyohusu uvuvi, akabakiza miaka ya kabla ya uhuru tu. Ikatokea makala moja. Daktari wa zamani alikuwa ameandika waziwazi kwamba jeshi lilizika mapipa ya sumu mahali pale, na mtu asichimbe kisima.

Kisima kilifungwa siku hiyohiyo. Mjukuu wangu Rotia tulikuwa tumeshamzika.

Nina uchungu, sifichi. Je, tunajua tunachokifuta leo? Kesho mtu ataandika jina la kisiwa chake, simu itamjibu hakuna, naye ataamini, kwa sababu hapatakuwa na wa kumuuliza swali lile.

Nei Kaingaua, kwa niaba ya watoto waliopona, asante. Nanyi mlionisikiliza hadi chakula kikapoa, nawashukuru.