Karatasi za Baba Yenu Zibaki Arua

Obeti, Kevina, wanangu, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na hili sitaweza kulirudia. Ni habari ya sanduku la bati lililo chini ya kitanda hiki, lenye barua na maandishi ya baba yenu, Enoch Acidri, mwalimu wa hapa Mvara aliyekuwa akiandika hadithi kila alipomaliza kusahihisha madaftari. Nikifa, lipelekeni kwenye hifadhi ya nyaraka hapa mjini Arua.

Najua hutaki, Obeti. Juzi uliniambia, "Mama, Baba hana kaburi, sanduku hilo ndilo tulilo nalo," nami nikalia. Ni kweli hana kaburi. Mwaka ule wa vita, tulipokimbia kupitia Koboko kwenda Sudani, alishikwa na homa njiani akafa, tukamzika porini haraka haraka kwa sababu askari walikuwa nyuma yetu, na niliporudi baadaye kumtafuta nikakuta majani tu, nisijue nisimame wapi nilie.

Sanduku nililibeba kichwani, na wewe Kevina mgongoni, unawaka homa ile ile. Mvua ikalowesha kuni zote, ndipo baba yenu mdogo Ocama akachukua kurasa za kitabu ambacho baba yenu hakukimaliza, akawashia moto, akakupikia uji. Mpaka leo ukoo unamsema marehemu Ocama kwamba aliteketeza kazi ya kaka yake. Nawaagiza, maneno hayo yaishe, na watoto wake wasiyasikie tena vinywani mwenu. Uji ule ndio uliokuponya, na Acidri mwenyewe angewasha.

Sasa sikilizeni kwa nini nimeamua hivi. Mwaka jana alikuja mlangoni Suzan, yule mkimbizi kutoka Yei anayeuza samaki wakavu sokoni, akasema, "Mama, mimi iko natafuta maneno ya baba yangu. Watu wanasema alikuwa anaandikia mzee wako." Baba yake alikuwa Swaka, rafiki wa baba yenu, aliyeuawa Suzan akiwa bado ananyonya. Tukapekua sanduku mpaka tukaipata barua yake, nikamsomea: "Acidri, nimepata binti. Nimempa jina la mama yangu, Suzan. Amelala kifuani kwangu, naandika kwa mkono mmoja." Mama mzima yule, mwenye wajukuu, akakaa sakafuni akalia kama mtoto. "Soma tena pale kwa kifua," akaniambia, nami nikasoma mpaka macho yakachoka.

Obeti mwanangu, sanduku likifungiwa chumbani kwako, mtu kama yule atamgongea nani? Waambieni watu wa hifadhi lisipelekwe Kampala wala ng'ambo, na kila atakayekuja kuuliza asomewe, hata kama hajui kusoma.

Shamba letu la kule Inde ni lenu wote wawili, msiligawe. Mimi nizikeni hapa nyuma ya nyumba... Kevina, ninyanyue kidogo. Hapo, inatosha.

Mungu awalinde. Awajalie watoto wenu wakae nanyi... mzeeke nyumbani, na siku ya kuzikwa kwenu... watu wasiwe na haraka. Obeti, mkono wako uko wapi? Haya. Nimewabariki wote... wote wawili. Niacheni sasa nilale.