Tulimtenga Bila Kumpa Kadi

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, na wewe Josia weka hiyo simu chini, anayekupigia atapiga tena, mimi ndiye sitaita tena. Violeth, niinue mgongo kidogo. Hapo hapo, wabeja, asante. Nina maneno, na pumzi inanikimbia, kwa hiyo asinikatize mtu, na anayetaka kulia akalie zizini.

Mali haitanichukua muda. Shamba la Sapiwi mgawane nusu kwa nusu, na ng'ombe vilevile, wala nisisikie mtu akisema Violeth ameshaolewa. Ni yeye aliyekuwa akikamua wakati wewe Josia unacheza ngoma kule Dutwa. Kimebaki kiti cha mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi pale kiwanda cha pamba, na hicho si changu cha kukuachia. Nimesikia wanakuita mwenyekiti mdogo, nawe unaitika. Hebu acha, mwanangu! Kiti kile si ndama.

Sasa nisikilizeni habari ya Mayala, maana huyo ndiye anayenifanya nishindwe kufa. Nyumba yake mnaiona mkisimama mlangoni, na bado mnapita kama haina watu, kwa sababu mimi nilisema. Tulipogoma msimu ule tukidai mikataba na barakoa za vumbi la pamba, tulisimama wote getini, yeye akapita katikati yetu akaingia kulisha mashine. Hasira ikanipanda. Badala ya kuitisha kikao cha chama, nikafanya nilichokizoea tangu ujana wangu wa sungusungu: nikatangaza kwamba ametengwa, asisalimiwe, asipewe moto, asiende mtu msibani kwake. Wanachama wakapiga makofi, kijiji kikaitikia, nami nikajiona mtetezi wa wanyonge. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu!

Mayala alikuwa kibarua, wanangu. Kibarua wa msimu hatukumpa kadi ya chama, hatukumwita kikaoni, na mikataba tuliyoigomea ilikuwa yetu sisi wa kudumu. Yeye na wenzake tulisema watafikiriwa baadaye. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyosema tukicheka. Kisha tukamhukumu kwa kuvunja umoja ambao hatukumwingiza. Msimu ulipoisha mwajiri akamwachisha kazi, sisi tukapata barakoa, na yeye akabaki na watoto wake wasiosalimiwa na mtu.

Halafu mama yake akafa. Mvua inanyesha, nasikia majembe kule kwake, yeye na mkewe wanachimba kaburi peke yao, na mimi nimekaa hapa nakula ugali kwa maziwa. Nilikula nikamaliza. Tangu siku ile ninaona aibu, lakini kiburi kilinishika miguu, kila siku nikisema nitaliondoa neno langu kesho. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshaota ndevu.

Juzi nilimtuma Violeth amwite nimwombe radhi. Akajibu, "Mwambie mzee mimi nimekatazwa nyumba za watu." Haya. Ana haki.

Kwa hiyo Josia, nenda kwa wanachama. Usiwaambie mzee amemsamehe Mayala, kwani hana kosa la kusamehewa, na ni mdomo wa mtu mmoja ulioharibu. Waite wote, wa kudumu na vibarua, na wale akina mama wanaoanika pamba uani, wapige kura ya siri: Mayala aondolewe kutengwa, kibarua apewe kadi, na mkataba wake udaiwe siku moja na wa kudumu. Mwenyekiti naye achaguliwe hapo hapo. Usipochaguliwa, kaa nyuma na wenzako. Na mwajiri kaeni naye mezani kabla msimu haujafunguliwa, msingoje kupigiana kelele getini. Mashine mpya zinakuja, wa kudumu watabaki wachache, vibarua ndio chama chenyewe cha kesho. Mkiwafungia nje mtabaki na bendera na mti wake.

Nipe maji, Violeth... Inatosha.

Nikifa kabla ya kura hiyo, asije mtu wa chama kwenye kaburi langu. Bendera sitaki, nyimbo sitaki, na majirani muwaambie nimewakataza. Mtachimba nyinyi wawili. Ndiyo, Josia, wewe na dada yako, kwa mikono yenu, watu wapite barabarani wawaone. Usinitazame hivyo. Najua ni aibu, tena kubwa, na ninawaonea kwa kuwaachia. Lakini yule naye alikuwa na mama, na mimi nilikuwa na jembe.

Mungu awape ng'ombe na watoto... na wazee wetu waliotangulia wawalinde... na midomo yenu iwe mizito kuhukumu. Funika miguu, mwanangu, baridi... Violeth, usimwachie kaka yako peke yake. Udongo wa mwezi huu... ni mgumu. Muanze mapema.