Dakika Kumi za Odero

Katika taksi, basi dogo la abiria lililotoka Kalerwe, Nerima aliketi nyuma ya wanaume wawili, akasikia yote. Odero, dereva wa lori, alikuwa anakwenda hospitali ya Lubaga kupimwa presha. Ikiwa bado iko juu, kazi hana.

"Daktari anasema mwili wangu unamwaga homoni za wasiwasi mchana kutwa," alimwambia mzee wa kanzu aliyekaa naye. "Kila asubuhi nikae kimya dakika kumi, nifuate pumzi tu. Wiki tatu sasa, Haji!"

"Na moyo umetulia?"

"Utatuliaje? Kila mara nafumbua jicho, naangalia kwenye simu zimebaki dakika ngapi."

Haji alicheka hadi kofia ikamteleza. "Kumbe unakimbia mbio ukiwa umekaa! Chukua tasbihi hii, nyumbani ninazo nyingine. Vuta pumzi, sogeza punje."

"Mimi Mkristo, Haji."

"Na mapafu yako yamebatizwa?"

Odero akaipokea tasbihi. Nerima, aliyesomea homoni chuoni, alitamani sana kumtia moyo, lakini hakuna aliyemuuliza.

Taksi ikasimama Lubaga. Odero akashuka, akavuta pumzi, akasogeza punje moja, kisha akaangalia saa.