Paka Amekwama Juu ya Paa la Mzee Eizo

Kijiwe chetu ni benchi moja chini ya upenu wa lililokuwa duka la tofu, ile jibini ya soya, la Mzee Eizo, pale kijiji cha Kamisawa kinapoishia na mlima unapoanzia. Eizo alihamia Osaka kwa binti yake, huu ni msimu wa nne wa baridi, akatuachia neno moja tu: "Jamani, paa langu." Nyumba za huku theluji ikizikalia wiki mbili bila kupunguzwa, zinalala chini kama ng'ombe mgonjwa. Kwa hiyo tunapokezana kupanda na koleo. Jumanne ile zamu ilikuwa ya Hachiro, miaka sabini na mmoja, tunamwita Paka. Chini tulibaki na chupa ya kahawa: Isamu tunayemwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kutengeneza cherehani; Sadakichi, yaani Redio, kwa kuwa hazimiki; na mimi. Saa nne asubuhi Paka akasukuma bonge la theluji kubwa kama gari. Likatua juu ya ngazi, ngazi ikazama.

— Jamani, ngazi iko wapi?

— Ipo, — nikamjibu. — Ila imefunikwa.

— Si muifukue!

— Kwa kutumia nini? Koleo unalo wewe.

— Haya, nawarushia!

Akalirusha. Likaingia wima kwenye theluji laini, kama kijiko kwenye uji, likapotea.

Redio akamimina kahawa.

— Wahenga walisema aliye juu mngojee chini, — akasema. — Na sisi tunamngojea. Hatujakosea kitu.

— Methali ile haina maana hiyo, bwana.

— Yuko juu, hayuko juu?

— Yuko juu.

— Tuko chini, hatuko chini?

Nikamsogezea kikombe changu.

— Mimi naona hivi, — Injinia akasema. — Tusimshushe mtu. Tushushe nyumba. Tunatoa nguzo mojamoja, taratibu, mpaka paa lifike hapa kwenye magoti.

— Nyumba ya Eizo! Tuliyoambiwa tuilinde!

— Tunailinda isianguke ghafla. Haba na haba hujaza kibaba.

— Huyo msimsikilize! — Paka akapiga kelele. — Leteni kamba!

— Kamba iko ghalani, — Redio akamwambia.

— Basi ileteni!

— Ufunguo wa ghala uko Osaka.

— Subira huvuta heri, — Injinia akasema. — Mwezi wa nne theluji inayeyuka, ngazi inaonekana yenyewe. Mpaka hapo tutakuwa tunamrushia matonge ya wali.

— Miezi miwili na nusu? Mke wake je?

— Mke wake tutamwambia yuko kwa kinyozi.

Hapo Redio akasimama, macho yanang'aa.

— Mabata-maji! Wale wanaotoka Siberia. Kila siku saa kumi jioni wanapita hapa wakirudi ziwani. Wakubwa wale, jamani! Paka akishika miguu ya wanne tu, wanamtua ziwani salama salimini.

— Kwa nini wanne? — nikauliza, na mpaka leo najilaumu.

— Watatu wa kubeba, — Injinia akadakia, — mmoja wa kuongoza.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha tukamsikia Paka, na sauti haikuwa ile ya mwanzo.

— Jamani. Vidole vya miguu sivisikii.

Kicheko kikakatika. Mwaka jana Paka alianguka kutoka kwenye paa lake mwenyewe, akavunjika mfupa wa bega, akalala kwenye theluji kwa muda wa saa mbili kabla ya kuonekana. Mkewe Nobuko alimwapisha asipande tena. Tulijua wote, na bado tulimhesabu kwenye zamu, kwa sababu bila yeye tunabaki watatu.

Nikapanda juu ya benchi. Injinia akanipa bega. Redio akanishika kiuno. Nikafikisha mkono kwenye ukingo wa upenu, nikaona soli za viatu vya Paka zikitetemeka, halafu tukaporomoka wote watatu, mimi nikiwa chini.

— Hodi!

Sauti ilitoka juu. Paka akapiga ukelele. Nyuma yake, kwenye mgongo wa paa, ikachomoza kofia ngumu, kisha mkoba wa barua, kisha msichana mzima. Ni Miyara, tarishi mpya, ana wiki moja tangu atoke Okinawa, ambako theluji wanaiona kwenye televisheni.

— Shikamooni wazee. Samahani, hii barabara inakwenda kwa Nakadaira?

— Binti, — Paka akasema polepole, — hili ni paa.

Miyara akatazama miguu yake.

— Ah! Mimi nimepita huko nyuma, nikakuta kilima, nikapanda tu. Sasa babu, wewe umekaa hapa unafanya nini?

Kilima kile tulikijenga sisi wenyewe tangu mwezi wa kumi na mbili kwa theluji ya paani, koleo kwa koleo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzunguka nyuma kukitazama.

Miyara akamshika Paka mkono, wakashuka wakitembea kama watu watokao sokoni. Paka alipofika kwetu alinishika bega, asiniachie. Nikamvua viatu na soksi, nikaweka miguu yake ndani ya koti langu. Hakuna aliyemtania.

Miyara alikuwa akitazama madirisha yaliyopigwa mbao.

— Hapa anakaa nani?

— Mzee Eizo, — tukajibu kwa pamoja.

— Yupo ndani?

— Yuko Osaka.

— Anarudi lini?

Redio akaanza kufunga chupa ya kahawa. Mwaka huu kadi ya Mwaka Mpya kutoka kwa Eizo, ambayo siku zote huiandika mwenyewe, ilikuja na mwandiko wa binti yake, na sisi wanne, bila kuambiana, tulikuwa tumekubaliana kwamba mzee ameumia mkono.

— Wazee wangu? Anarudi lini?

Paka aliinama, akaanza kutafuta soksi zake.