Ufunguo wa Gari Ndani ya Kosta

Kosta ilipoanza kupanda mlima kuelekea Bombo, mama mwenye kikapu cha tangawizi, aliyekaa karibu na Rodgers, aliuona ufunguo mnene ukining'inia kiunoni mwa kijana huyo.

"Mwanangu, huo si ufunguo wa gari?"

"Ni wa gari, mama. Nimeliacha Same, nimelifunika turubai."

"Pole. Limeharibika?"

"Hapana, zima kabisa." Rodgers aliona aibu, lakini likitajwa gari lake, ulimi wake haukuwa na breki. Akaeleza kwamba oili huibadilisha kabla ya wakati, kwamba ameliwekea kapeti jipya, na kwamba juzi tu ameliinua na kulifunga matairi makubwa kwa ajili ya barabara hii hii.

Mama akatazama mawe barabarani. "Sasa mbona uko humu?"

"Mawe haya yatakwaruza rimu."

"Kwa hiyo umeona bora ukwaruzwe wewe."

Rodgers akacheka, maana hilo alikuwa ameshajiambia tangu stendi. Akajitetea kwamba kitu kizuri hutunzwa.

"Hata jembe hutunzwa," mama akasema, "lakini hung'aa kwa kulima. Unamfuata nani huko juu?"

"Mama yangu. Nampeleka harusini Same."

"Anajua unakuja na kosta?"

Kosta ikasimama Bombo, Rodgers akachungulia dirishani. Mama yake alikuwa pale kando ya barabara na kitenge chake cha kanisani. Viatu amevishika mkononi, na miguu ameiosha, asije akachafua kapeti la mwanawe.