Kinanda Kinachonguruma na Fundi Aliyezuiwa Langoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Abwola, Msimamizi wa Makazi yetu. Wazee, akina mama, askari na jamaa zao:

Sisi wanakwaya thelathini na wawili tunasimama mbele yako kwa heshima. Tunakushukuru kwa kuufungua ukumbi huu baada ya majuma saba ya kufuli. Tunajua umekuja kukata shauri kama kinanda kibaki au kiondolewe, na kama sisi tuendelee kukutana. Tunakuomba utusikilize mpaka mwisho kabla hujatamka neno.

HISTORIA YETU

Kwaya hii ilianzishwa mwaka 1987, vita vilipokwisha hapa Kampala na familia zilipoanza kukaa pamoja tena. Wengi wetu ni watu wa askari na polisi kutoka kaskazini, na wengine ni Wakongo waliotufikia baadaye. Lugha zetu za nyumbani hazisikilizani, kwa hiyo tunaimba kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili.

Kinanda cha umeme tulipewa na mjane mmoja alipohama Mbuya. Kilitengenezwa kwa ajili ya sebule yenye zulia na mapazia, si kwa ukumbi wa saruji na mabati. Hilo hatukulijua. Tulikisukuma kwenye kona, tukageuza spika zake ukutani ili zisiwapigie wazee kelele, kisha tukalalamika kwamba sauti yake ni ya debe.

MAFANIKIO

Mwaka huu tulimwita Barnabé, fundi wa redio mwenye kibanda Katwe, mkimbizi kutoka Bukavu. Alikitoa kinanda kwenye kona, akazielekeza spika kwa watu. Alifungua kifuniko, akasafisha kwa spiriti vyuma vidogo vilivyo chini ya vibonye, na vibonye saba vilivyokuwa bubu vikatoa sauti. Pedali ya kuongeza sauti ilikuwa ikikwaruza. Alipuliza vumbi, ikanyamaza. Kisha akamgeukia Anena, mpiga kinanda wetu, ambaye hupenda kufungua swichi zote za sauti kwa pamoja.

"Dada, ukifungua zote, ile ni soko ya Nakawa, si wimbo. Fungua mbili. Sikiliza. Kisha ongeza moja."

Tuliposikia sauti ya siku ile, akina mama walilia. Kasoro moja tu ilibaki: mngurumo mzito chini ya kila wimbo, hata mikono ya Anena ikiwa magotini.

CHANGAMOTO

Hapa, Mgeni rasmi, naomba ruhusa ya kuacha kusema "sisi", maana wanakwaya hawana sehemu katika haya. Wameyajua jana jioni nilipowasomea.

Anena ni mjukuu wangu. Muda mrefu alikuwa akiniambia, "Babu, kinaniuma vidole." Nami nilimjibu, "Kinanda hakina meno. Piga." Barnabé alipogusa ubavu wa kinanda kwa kipimo chake cha umeme, alinitazama bila kucheka.

"Mwalimu, mutoto hana uvivu. Umeme ndiyo inamupiga. Masi yenu iko mubaya. Tuchimbe shimo inje, tuzike chuma, mungurumo itaisha."

Kuchimba shimo ndani ya Makazi kunahitaji kibali chako. Mimi ndiye katibu, nami ndiye niliyeiandika barua. Nilisomeshwa na walimu waliochapa fimbo kwa irabu moja iliyopotea. Nilipolisikia neno "masi", niliamua kwamba Mkongo ameimeza irabu. Sikumuuliza. Nilimsahihisha, nikidhani anasema kwa fumbo kwamba kinanda kimeasi na mngurumo wake unaharibu nyimbo zetu zote. Mstari uliokufikia ulisema hivi: "Fundi amegundua maasi ndani ya kinanda, yanayoenea katika kwaya nzima, na anashauri tuchimbe shimo nyuma ya ukumbi na kuzika chuma."

Mheshimiwa, tunaishi katika nyumba za askari, na chuma ni jina la bunduki hata kwa watoto wanaocheza. Sikulaumu kwa ulichokisoma. Walinzi walichimbua bustani yote ya nyuma, ukumbi ukafungwa, na Barnabé akahojiwa siku mbili. Karatasi yake ya ukimbizi ingali kwenye meza yako. Bila karatasi hiyo hathubutu kufungua kibanda.

Jumamosi iliyopita mkewe, Nabintu, alinijia nyumbani. Hakuketi.

"Masi ni waya, Mwalimu! Waya ya kushusha umeme ku udongo! Mume wangu anakuwa mwasi juu ya waya?"

Nikamwambia kwamba neno hilo halimo katika Kiswahili sanifu.

"Basi ungeuliza! Mwalimu muzima, unaandika kitu haujui!"

Nimefundisha miaka thelathini na minne, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunikosoa hivyo kwa haki. Ningeweza kukuletea barua ya pili, ikasomwa faraghani. Lakini ile ya kwanza ilimchafua mtu mbele ya Makazi yote, kwa hiyo nasema mbele ya Makazi yote.

MAOMBI

Tunaomba kibali cha kuzika nondo moja ya urefu wa mtu nyuma ya ukumbi, na kuiunga kwa waya na kinanda. Walinzi wasimame watazame kila jembe linavyoingia. Kamis, fundi wa Makazi, amejitolea kuifanya kazi hiyo leo hii. Tumemshukuru, tukakataa. Aliyeuona ugonjwa ndiye atakayeutibu, na Anena hatagusa kibonye mpaka hapo.

Ombi la pili ndilo kubwa. Barnabé yuko langoni sasa hivi, na vifaa vyake mkononi. Mlinzi amemkatalia kuingia kwa kuwa hana karatasi. Tunaomba arudishiwe karatasi yake kwa mkono wako, hapa, watu wakiona. Ikiwa lazima mtu apewe adhabu kwa barua ile, jina lililo chini yake ni langu.

Mungu akupe busara ya kuamua, na aendelee kuyalinda Makazi haya na wote waliokimbilia kwetu. Risala imekwisha. Wanakwaya wataketi. Mimi nitabaki nimesimama mpaka utume mtu langoni.

Ni sisi,
Kwaya ya Makazi, Mbuya Chini, Kampala

Imesomwa na katibu, Mwalimu mstaafu Fabiano Oloya
Agosti 1999